Mlango Uliouma

Nilimpiga binti yangu kofi kwa sababu ya mlango. Naanza na hilo kwa kuwa watu wakisimulia mambo ya saiti ile huanza na punda, na mimi nimechoka kusikia habari za punda.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, miguu ndiyo kwanza imemkubali. Alitoka nje ya kibanda changu cha kupikia, akazunguka akiokota visoda, kisha akarudi akija kwangu. Alipoweka mkono kwenye mlango wa mabati alipiga yowe, akarudi nyuma, akaanguka kwa makalio. Nikamkagua mkono. Hakuna damu, hakuna mwiba, hakuna nyuki. Nikamfuta machozi. Kesho yake ikawa vilevile. Keshokutwa vilevile. Siku ya nne au ya tano, sufuria ya maharagwe inafurika, wanaume zaidi ya thelathini wamejipanga dirishani na sahani zao, yeye yuko mlangoni anapiga yowe tena. Nikamzaba kofi.

"Mlango umekukosea nini wewe? Ingia!"

Mimi mwenyewe nikaushika mlango ule, nikaupigapiga kwa kiganja mbele ya macho yake. "Ona. Ona basi. Unauma wapi?"

Nilikuwa nimevaa akala, zile ndara nzito za mpira wa gurudumu la gari. Wakati ule sikuona kama hilo lina maana yoyote.

Ilikuwa miaka ya tisini, samaki wa mbuta walipokuwa dhahabu, na kila mtu mwenye pesa alitaka kujenga kitu kando ya ziwa. Sisi tulikuwa upande wa Homa Bay, ufuoni, ambapo kampuni moja ilijenga ghala la barafu la kuwekea samaki. Mimi nilizaliwa Migori na nikaolewa huko, kwa hiyo saiti nzima iliniita nyar Migori, binti wa Migori. Baba mtoto alikuwa kisiwani Mfangano akinunua samaki, akija anapokuja. Kazi ya kulisha wale wanaume nilijitafutia mwenyewe, na nyapara ndiye aliyenionyesha pa kuweka kibanda.

"Hapa, dada yangu," alisema, akigonga kwa kalamu nguzo ya chuma ya ua. "Ukijenga ukiegemea ua huu, ukuta mmoja ni wa bure."

Ndani ya ua huo ndimo ilimokuwa transfoma. Stima ya serikali haikuwa imefika ufuoni, kwa hiyo kampuni ilileta jenereta. Lakini lori la dizeli lisingeweza kushuka kwenye udongo mweusi, wakaiweka jenereta juu kilimani kando ya barabara, na umeme ukateremshwa kwa waya nene hadi chini. Ulifika ukiwa mkali mno kwa mashine za mjengo, transfoma ikaupunguza. Lilikuwa sanduku la chuma la kijivu, refu kunizidi, limekalishwa juu ya matofali ya saruji, na kutwa nzima lilinguruma taratibu kama mtu anayeimba mdomo umefungwa. Mabati yangu yalitobolewa na kufungwa waya kwenye nguzo za ua ule. Usiku wa kwanza niliona raha. Nilijiona nimepata ukuta wa bure.

Fundi wa stima alikuwa kijana wa Oyugis, mpole, mpenda utani, mwenye kutafuna muwa kila saa. Yeye ndiye aliyenieleza kazi ya waya mmoja mnene wa shaba uliotoka kwenye mwili wa transfoma na kwenye ua, ukaenda kukamata kichwa cha chuma kilichochomoza ardhini kama msumari mkubwa.

"Hiyo ndiyo njia ya kuzimu," aliniambia, akitema makapi. "Stima ikipotea njia ndani ya sanduku, ikapanda kwenye chuma cha nje, inateremka hapa, inaingia ardhini, inakufa. Bila hii inabaki hapo juu inangoja mtu."

"Na hicho chuma kimeingia mpaka wapi?"

"Futi sita, nyar Migori. Urefu wa mwanaume. Kimelala chote."

Wiki hiyohiyo alinizawadia kipande cha chuma. Kilinifika kifuani, kilikuwa chekundu kama senti mpya, na upande mmoja kilikuwa na alama za msumeno. Dirisha langu la kuuzia lilikuwa bati lililofungwa juu kwa vipande vya mpira. Ulilisukuma nje ukalitegemeza ili watu wafikie chakula. "Tegemezea hiki," akasema. Nikamshukuru, nikamwongezea kipande cha samaki.

Baada ya kofi lile binti yangu aliacha kupiga yowe. Nikadhani nimemfunza adabu. Akawa akifika mlangoni anasimama nje, anainua mikono, anangoja nimbebe. Nikiwa na kazi nyingi nilimwacha angoje. Wakati mwingine alisahau, akagusa. Mkono uliruka, midomo ikapinda, lakini sauti haikutoka. Alinitazama. Hakuutazama mlango, alinitazama mimi. Nikaendelea kusonga ugali.

Sasa huyo punda.

Maji ya saiti yalitoka ziwani kwa mkokoteni wa punda mmoja. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno, na punda wake alimwita Mheshimiwa. "Sogea, Mheshimiwa, hapa si bungeni, hapa watu wanafanya kazi." Wanaume walicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Basi siku hiyo, saa sita hivi, wachomea vyuma wako kazini na transfoma inanguruma kuliko kawaida, yule bwana akasimamisha mkokoteni kando ya ua ili amimine maji kwenye pipa. Maji yakamwagika, yakatengeneza dimbwi. Punda alikuwa na kupe shingoni, akaisogeza shingo ajikune kwenye nguzo.

Hakulia. Miguu yote minne ilikakamaa kwa pamoja, akaenda chini kwa ubavu na mkokoteni ukamfuata. Alipogusa chini alikuwa ameshakufa, macho wazi.

"Mheshimiwa?" yule bwana akasema. "We, Mheshimiwa?" Akapiga magoti kwenye dimbwi na gambuti zake za mpira, akamvuta sikio. Hakuna aliyecheka.

Saa haikuisha kikao kikaitishwa. Kwa punda! Mahali pale palikuwa gunda, yaani boma la zamani lililohamwa, na mwenye boma alizikwa palepale, hatua chache nyuma ya kibanda changu. Wazee wa ukoo walikuja na viti vyao, wakasema jambo hili ni juok, mambo ya roho. Kampuni imechoma chuma ndani ya boma la mtu bila kumwuliza, naye amekasirika. Walikionyesha kile kichwa cha chuma kwa fimbo zao. Nyapara aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, kofia yake ngumu ameishika kifuani kama yuko kanisani.

Mjane wa marehemu alikuwa hai. Sote tulimwita dani, yaani nyanya, na kila asubuhi alikuja kwangu kunywa uji, miguu mitupu, akibisha hodi kwa fimbo yake ya mti. Walipomwuliza, alifikiri kidogo.

"Mume wangu alipenda punda," akasema. "Watu ndio hakuwapenda. Angetaka kuua, angeanza na ninyi."

Wakamwambia anyamaze, haya ni mambo ya wanaume. Kondoo akapatikana kabla jua halijatua. Sijawahi kuona kampuni ikinunua kitu haraka namna hiyo. Akachinjwa karibu na kile chuma, pombe ya mtama ikamwagwa juu yake, halafu maji, kibuyu kwa kibuyu, hadi kifusi kilichojazwa pale kikawa tope. Mwenye punda akaahidiwa punda mwingine. Nami nilisimama pale na binti yangu mgongoni, nikatazama wanaume wazima wakimlilia Mheshimiwa, na wala halikunijia wazo la kusema kwamba mtoto wangu naye amekuwa akilia mahali hapohapo kwa wiki mbili.

Na mlango ukapona. Naapa. Kesho yake binti yangu aligusa bati kwa kidole, akakitoa, akagusa tena. Akacheka. Akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili kama ngoma. Siku tatu aliingia na kutoka atakavyo. Nami nikaamini. Nimemaliza kidato cha nne. Nilisoma Fizikia, nikapata D, lakini niliisoma, nikachora waya na betri kwenye daftari. Pamoja na hayo nilikaa pale nikasema moyoni, asante kondoo.

Siku ya nne jua likawaka la kuua. Ule mwezi kabla ya masika, wakati udongo mweusi unapasuka hadi mguu wa mbuzi unazama ndani ya ufa. Siku ya tano binti yangu alikuja mlangoni, akasimama nje, akainua mikono.

"Ingia, mama," nikamwambia. "Si uliacha ujinga huo?"

Hakusogea.

Adhuhuri msumari wa akala yangu ya kushoto uling'oka. Nikazivua zote, nikaziacha kwa mshona viatu aliyekaa njiani, nikarudi miguu mitupu. Nikaosha sahani. Nikatoka na karai, nikamwaga maji machafu mbele ya mlango kama nilivyofanya kila siku, mara tatu kwa siku, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Nikageuka kuingia, nikashika ukingo wa bati kwa mkono ulioloa.

Sijui kama niyaite maumivu. Ni kama mtu aliyekuwa ndani ya bati aliunyakua mkono wangu akauvuta hadi begani, na meno yangu yakagongana. Karai likaruka. Nilijikuta nimekaa kwenye tope, moyo unakwenda hovyo kama kuku ndani ya gunia. Binti yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Akaja polepole, akanishika mkono uleule, akaufuta kwa nguo yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimfanyia kabla sijampiga kofi.

Nilikaa kwenye tope lile nikafikiri kwa mara ya kwanza katika wiki tatu. Wanaume wote pale walivaa gambuti au akala. Mimi nilivaa akala. Mpira haupitishi stima. Hilo lilikuwa kwenye daftari langu, nadhani hata lilipigiwa mstari. Dani alitembea miguu mitupu lakini alibisha kwa fimbo. Waliogusa chuma kile wakiwa wamekanyaga ardhi tupu walikuwa wawili tu, punda na mtoto wangu. Na pale mtoto alipokanyaga pakawa pamelowa kila siku, kwa maji yangu. Mimi mwenyewe nilimwandalia mahali pa kupigwa, kisha nikampiga kwa kuwa alilia.

Halafu nikafikiria zile siku tatu. Marehemu hakuwa amesamehe mtu. Walimwaga vibuyu vya maji juu ya kile chuma, ardhi yake ikalowa, na stima ikapata pa kushukia. Jua lilipokausha kifusi, ikarudi kwenye mabati yangu. Lakini chuma cha futi sita hakikauki kwa siku nne. Futi sita ni kina cha kaburi, huko chini ni baridi na unyevu hata kiangazi. Nikainua macho. Bati la dirisha langu lilikuwa limetegemezwa kwa chuma chekundu kinachonifika kifuani, chenye alama za msumeno.

Kutoka siku hiyo binti yangu hakukanyaga chini. Nilipika naye mgongoni, nikachota maji naye mgongoni, nikaenda chooni naye mgongoni.

Fundi nilimkuta amekaa juu ya gogo.

"Mlango wangu una stima," nikamwambia.

Akaacha kutafuna muwa. "Nani kakwambia?"

"Mkono wangu."

"Itakuwa kidogo tu, ya kutekenya. Vaa akala, nyar Migori."

"Mtoto naye nimvalishe akala? Punda je?"

Akatazama chini. "Kazungumze na nyapara. Mimi nimefunga nilivyoambiwa."

Nikaenda kwa nyapara. Alikuwa ndani ya kiofisi chake cha mbao, akipanga siku ya kumwaga zege la sakafu. Sakafu nzima ya ghala ilikuwa imwagwe kwa siku moja, wanaume wote ndani ya zege bichi hadi vifundoni, wakishika mashine za kushindilia zinazovuta umeme kutoka kwenye transfoma ileile. Nje, juu ya vilima vya Gwassi, mawingu yalianza kujipanga kila alasiri, yakawa yanarudi yalikotoka. Kila mtu alijua siku moja hayatarudi.

"Chuma cha ardhi ni kifupi," nikasema.

"Dada yangu, wewe pika."

"Mkikanyaga zege bichi na hiyo stima, mtakufa kama punda."

"Mambo ya punda tumeyamaliza na wazee. Mkaguzi alikuja hapa, akaona kichwa cha chuma, akaona waya, akaandika sawa. Wewe ni mkaguzi?" Akatabasamu, kwa upole kabisa. Ule upole ndio ulionichoma. "Kama mtoto anakusumbua, mpeleke kwa nyanya yake. Saiti si mahali pa mtoto."

"Mahali pale ulinionyesha wewe."

"Nilikuonyesha ukuta. Sikukuonyesha uje na mtoto."

Watu huniuliza kwa nini sikuondoka. Wanaouliza hivyo wana pa kwenda. Na nitasema ukweli, haikuwa hiyo tu. Ningeondoka, kibanda kingepewa mwanamke mwingine, naye angekuja na mtoto mwingine asiye na viatu, amwage maji mlangoni kwake kwa kuwa ndipo palipo karibu. Na nilikuwa na hasira. Nilitaka mtu mwingine naye aione.

Siku moja kabla ya zege, mawingu yalivuka vilima na hayakurudi. Saa nne asubuhi, wakati wa chai na mandazi, wanaume walikuja dirishani. Niliwangoja wakaribie wote. Kisha nikauchomoa ule mtegemeo, bati likaanguka likajifunga pah! mbele ya pua zao.

"Nyar Migori! Kuna nini?"

"Leo sipiki."

"Aki mama, tumekukosea nini? Tumbo halijui siasa."

"Leo hakuna chai, hakuna ugali, hakuna kitu. Fuateni huku kama mna njaa."

Wakanifuata, maana mtu mwenye njaa humfuata mpishi. Nikaenda hadi kwenye kichwa cha chuma kando ya ua, mtoto mgongoni, akala miguuni, nikalaza kile kipande changu kando yake. Rangi moja. Unene mmoja. Nikamwita fundi kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Fundi, chuma hiki cha ardhini kina urefu gani?"

"Futi sita."

"Na hiki ulichonipa nitegemezee dirisha, kilitoka wapi?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Omera, ndugu yangu, mjibu mwalimu." Wachache wakacheka. Fundi hakucheka. Nyapara alikuwa ameshafika, kofia kichwani.

"Rudini kazini. Jenereta haiwezi kuzimwa kwa sababu ya mtu wa mandazi."

Mwenye punda ndiye aliyeondoka. Hakusema kitu, yeye mtu wa maneno. Alipanda kilima kwa hatua ndefu, tukamwona akizungumza na mtu wa jenereta, mikono inakwenda juu na chini. Halafu ule mngurumo ukakatika. Sikuwa nimegundua jinsi ulivyokuwa umeingia ndani ya mifupa yangu mpaka uliponyamaza. Tukasikia ziwa. Tukasikia na radi, mbali, nyuma ya Gwassi.

Aliporudi, alifungua waya wa shaba, akashika kichwa cha chuma kwa mikono miwili, akavuta. Alivuta mara mbili tu. Kilitoka kama muhogo kwenye mchanga, mawe madogo yakimfuata. Kilikuwa na futi mbili. Ncha yake ya chini ilikuwa imepinda, ilipogonga jiwe.

Mwenye punda alikishika kile kipande akakigeuzageuza.

"Kwa hiki," akasema, "mlinichinjia kondoo?"

Fundi ndiye aliyepasuka. Alisema kwa haraka, kama mtoto aliyeshikwa. Kwamba pale pamejazwa kifusi na chini yake ni mwamba. Kwamba aligonga chuma, kikakataa, akaambiwa akate, kwa sababu mkaguzi huangalia kichwa. Kwamba palipo laini na pana unyevu ni mahali pamoja tu, kule nyuma kando ya kaburi, na kila mtu aliogopa kupigilia chuma kando ya mfu katika gunda la watu.

"Sasa nani alikwenda kuniuliza?"

Ilikuwa dani. Alikuwa amefuata uji wake. Alisimama na kikombe kitupu, akiwatazama mmoja mmoja.

"Mliniletea kondoo nisiyemwomba. Nafasi ya kuweka chuma hamkuniomba. Mume wangu amelala kichwa kikielekea ziwani. Pigilieni upande wa miguu, mbali naye hatua nne, na mkimaliza mfukie vizuri. Na huyu mama anipe uji."

Uji nilimpa. Yeye peke yake.

Ilichukua hadi alasiri. Vyuma vitatu vizima vililetwa kutoka mjini kwa pikipiki, vikapigiliwa kimoja baada ya kingine upande ule dani alioonyesha, vikazama bila ubishi, na udongo uliotoka ulikuwa mweusi na baridi. Waliviunga kwa waya wa shaba, wakauzika kwenye mtaro hadi kwenye transfoma. Nilisimama juu ya kila nyundo. Nilihesabu kila futi ikizama. Nyapara aliwaambia watu kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepanga kurekebisha wiki ileile.

Jenereta ikawashwa. Sanduku likaanza kunguruma. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, ya uvuguvugu.

"Haya," nyapara akasema, akipangusa mikono. "Mlete mtoto ashike mlango, tumalize maneno. Watu hawajala."

Nakumbuka kila uso uliokuwepo. Nakumbuka hakuna hata mmoja uliostuka. Kwao lilikuwa neno la kawaida, mlete mtoto.

"Vua buti," nikamwambia.

"Nini?"

"Vua buti na soksi. Simama hapa, kwenye tope la mlango wangu, anaposimama yeye. Ushike wewe."

Wanaume wakacheka, wakampigia makofi. "Vua, bosi! Vua, tuone miguu ya ofisi!" Nyapara naye akacheka kidogo. Akainama, akafungua kamba za buti moja. Halafu akatulia, ameinama vile. Akatazama mlango. Akatazama mvua ikipiga tope.

"Zimeni jenereta kwanza," akasema.

Kicheko kilikatika. Kila mtu alikuwa amesikia. Hata yeye alisikia, maana alianza kufunga tena zile kamba, taratibu sana, akajifanya hakusema kitu.

Fundi wa stima ndiye aliyevua. Alivua gambuti, akavua na soksi, akaingia kwenye tope. Alikuwa amekunja uso na kufumba macho kama anayengoja kofi. Aligusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mafundi wafanyavyo, ili mkono ukishtuka ujitoe wenyewe. Akangoja. Kisha akalishika bati kwa kiganja kizima, akalishikilia, mvua inamteremkia shingoni. Muda mrefu. Alipofungua macho alinitafuta mimi.

"Hakuna kitu, nyar Migori," akasema. "Nisamehe."

Sikumsamehe. Nilifungua dirisha kwa kipande cha mti, nikawasha moto, nikawapikia, kwa kuwa walikuwa na njaa na njaa haikuwa kosa lao lote. Walikula wamesimama chini ya mabati, wakizungumza habari za zege. Walishaanza kucheka tena. Mmoja alikuwa anaigiza jinsi punda alivyoanguka.

Nilikuwa nimemteremsha binti yangu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mgongo wangu ulikuwa umekufa. Alitoka na wanaume, akaenda kutazama maji yakituama juu ya mtaro uliofukiwa, halafu akarudi. Alifika mlangoni akasimama nje. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na ndani mna moto na mama yake. Mvua ilimlowesha kichwa, ikamwingia machoni. Hakulia. Aliinua mikono.

Nyapara alikuwa karibu naye, sahani mkononi, buti zote mbili zimefungwa.

"Mwambie mlango umepona, dada yangu," akasema. "Si umeona mwenyewe?"

Sikumwambia. Nilitoka nikambeba, nikaingia naye, na nilipopita mlangoni nilijigeuza upande, ili mguu wake usiguse bati.